Inveta inaungua kila baada ya miezi? Kabla hujaongeza feni, tujue joto linazaliwa wapi

FundiRota #1

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki hizi mbili nimekuta humu nyuzi tatu za watu wanaolia kwamba inveta za mota zao (vile vifaa vya kielektroniki vinavyoilisha mota umeme na kurekebisha kasi yake) zimekufa, na kila uzi jibu ni lilelile: "ongeza feni mkuu". Leo nimepata nafasi, ngoja nishushe nilichonacho. Ni mrefu, wenye haraka mnisamehe.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja, jina naliacha. Kuna mota ya kilowati 15 inayovuta mkanda wa kubebea mizigo. Inveta ya tatu ilikuwa imekufa ndani ya miezi minane. Nafungua kabati la chuma, limezibwa kila upande vumbi lisiingie, ndani nakuta feni nne. Kila inveta ilipokufa, fundi aliyenitangulia aliongeza moja. Zilikuwa zinakoroga hewa ya moto ileile, kama mtu anayepuliza uji bila kufunua sufuria. Tena feni nayo inakula umeme, na umeme huo unaishia kuwa joto humohumo kabatini.

Nikaingia kwenye menyu. Kasi ya kuwasha na kuzima swichi za ndani imewekwa kilohezi 12, wakati kwa kazi ile hata 4 ingetosha. Kuuliza, naambiwa ofisi ya meneja iko ukuta kwa ukuta na ile mota, na kile kimlio chake chembamba kilikuwa kinamkera. Fundi akapandisha namba mpaka mlio ukafifia. Meneja akafurahi, inveta zikaanza kuzikwa.

Hoja yangu ni kwamba namna unavyoiendesha mota ndiyo inayoamua utakuwa na joto kiasi gani la kupoza. Anayehangaika na vipozeo bila kujua swichi zinafanya nini anateka maji kwa pakacha.

Twende kwenye hesabu. Swichi ya IGBT (swichi ya kielektroniki iliyo ndani ya inveta) inachemka kwa njia mbili. Kwanza, ikiwa imewashwa, inabaki na volti moja na nusu hadi mbili juu yake. Ampea 30 mara volti moja na nusu ni wati 45. Pili, ni pale inapohama kutoka kuzima kwenda kuwasha, na inaporudi. Kwa kitambo kifupi sana inabeba volti kubwa na mkondo mkubwa kwa pamoja. Joto la mpito mmoja ni dogo, ila kwenye kilohezi 12 unatokea mara 12,000 kwa sekunde kwenda na mara 12,000 kurudi.

Tuseme joto lote ni wati 400: 160 kutoka njia ya kwanza, 240 kutoka ya pili. Kipozeo cha alumini kinachopanda digrii 0.1 kwa kila wati kitapanda digrii 40. Hewa ya kabatini iko 40, basi kipozeo kipo 80. Kila chipu inabeba wati 60 hivi, na kati yake na kipozeo kuna digrii 0.7 kwa kila wati, ongeza 42. Chipu iko 122, na mwisho wake ni 150. Tupo salama.

Sasa vumbi lizibe mapezi ya kipozeo, ile 0.1 iwe 0.2. Kipozeo 120, chipu 162. Msiba. Lakini shusha kilohezi 12 ziwe 6: zile wati 240 zinakuwa 120, jumla 280. Kipozeo kichafu vilevile, kinafika 96, chipu inaongeza 29, unapata 125. Hujagusa feni wala brashi. (Sisemi msisafishe!)

Pale kiwandani niliishia kilohezi 4, nikaigeuza inveta ili mapezi yake yatokeze nje kwa nyuma ya kabati, feni zote nne nikang'oa. Meneja alihama chumba.

Nawasilisha.

KijanaWaPampu #2

Siti ya mbele nimewahi. Mkuu umenigusa. Nina inveta ya kilowati 7.5 kwenye pampu ya maji, kila mchana inajizima. Kioo kinasoma joto la kipozeo digrii 88. Kilohezi 8. Nimeshaagiza feni mbili, zipo njiani. Nifanyeje?

MbishiWaNyaya #3

Uzi mzuri ila mkuu FundiRota unahubiri habari za juzi. Siku hizi kuna swichi za silikoni kabaidi. Zinawaka na kuzima haraka, upotevu kidogo, mchezo umekwisha. Nani bado anahangaika na IGBT?

FundiRota #4

@MbishiWaNyaya wanaohangaika ni wengi kuliko unavyodhani, inveta nyingi za viwandani zilizofungwa bado ni IGBT. Lakini nikubali nusu. Silikoni kabaidi si kitu kipya: Edward Acheson aliitengeneza Marekani miaka ya 1890, na kwa miongo mingi ikajulikana zaidi kama unga wa kusagia na kung'arishia. Kuigeuza swichi ya kuuzwa dukani kumechukua zaidi ya karne. Swichi zake za aina ya MOSFET zilianza kuingia sokoni karibu 2010 na 2011, na gari la Tesla Model 3 lilipotoka 2017 likiwa nazo kwenye inveta, kila mtu akashtuka.

Tatizo ni kwamba chipu yake ni ndogo. Joto limepungua, ila linatoka kwenye tundu dogo zaidi. Chukua pasi ya wati 1,000 yenye uso wa sentimita za mraba 200: hiyo ni wati 5 kwa kila sentimita ya mraba, na tayari inaunguza shati. Chipu ya inveta inatoa wati 100 na zaidi kwa eneo hilohilo la sentimita moja. Ukiipunguza ukubwa, njia ya joto inazidi kuwa nyembamba. Kilichosaidia ni kwamba silikoni kabaidi yenyewe inapitisha joto zaidi ya mara mbili ya silikoni ya kawaida.

Halafu kuna bili inayotumwa kwa mota. Volti inayoruka ghafla namna ile inapiga mizinguko ya kwanza ya koili kama nyundo, na kama waya kutoka inveta hadi mota ni mrefu, wimbi linarudi na mota inaweza kuona karibu volti mara mbili. Nyingine inapenya kwenye rota (sehemu inayozunguka ndani ya mota) na kutafuta njia ya ardhini kupitia beringi. Fungua beringi iliyokufa hivyo, utakuta njia ya gololi ina mistari mistari kama bati la migongo. Kwa hiyo mchezo haujaisha, umehamia upande wa pili wa waya.

@KijanaWaPampu nakuja kwako. Niambie kwanza: pampu yako inaendeshwa kasi gani, na valvu ya kutolea maji imefunguliwa kiasi gani?

DadaDaioda #5

Nimefanya kazi na moduli (vifurushi vya chipu za swichi) za magari ya umeme miaka kadhaa, niongezee kitu ambacho FundiRota amekiruka. Chipu nyingi haziuawi na joto kubwa la siku moja. Zinauawa na kupanda na kushuka.

Silikoni ikipata joto inatanuka kidogo, sehemu 3 hivi katika milioni kwa kila digrii. Shaba 17. Alumini 23. Na hivi vyote vimegandishwa pamoja: chipu imelehemiwa juu ya shaba, na juu yake zimebandikwa nyaya nyembamba za alumini. Kila lifti inapoondoka na kusimama, kila gari linapokanyagwa na kuachiwa, tabaka hizi zinavutana. Baada ya mizunguko mingi mno waya unabanduka kutoka kwenye chipu, zilizobaki zinabeba mkondo wake, nazo zinachemka zaidi, zinafuata. Ukifungua moduli utasema "imeungua", kumbe ilichoka kwanza.

Ndiyo maana uvumbuzi mwingi wa miaka hii uko kwenye tabaka, kwenye feni hakuna jipya sana. Lehemu ya bati inayeyuka kwenye digrii 220 hivi. Wakaja na unga wa fedha unaokandamizwa kwa joto mpaka ushikane, na fedha haiyeyuki mpaka 961. Wengine wameondoa nyaya za juu kabisa, wakaweka bapa la shaba pande zote mbili. Hapo unaweza kuipoza chipu kwa juu na kwa chini. Kampuni ya Denso walifanya hivyo kwenye Lexus LS 600h ya 2007: moduli bapa kama kadi, zimebanwa katikati ya mirija ya maji, kama vitabu kwenye rafu. Kwangu mimi ule ndio usanifu mzuri kuliko yote niliyowahi kuushika mkononi.

Mpitaji_Kimya #6

Asante kwa madini dada. Mie naweka kiti hapa.

MzeeStata #7

Vijana, mnazungumza kana kwamba mota ilianza kudhibitiwa jana. Harry Ward Leonard alikuwa na mfumo wake tangu 1891. Unachukua mota, inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota ya DC (umeme usiogeuza mwelekeo) inayofanya kazi. Ukirekebisha mkondo mdogo tu wa sumaku ya jenereta, mota ya mwisho inatii, polepole, haraka, mbele, nyuma. Lifti ziliendeshwa hivyo kwa miongo na miongo, na nikwambieni, zilitua taratibu kuliko nyingi za leo.

Sasa pigeni hesabu ya joto. Mashine tatu, tuseme kila moja ina ufanisi wa asilimia 90. 0.9 mara 0.9 mara 0.9 ni 0.73. Zaidi ya robo ya umeme inapasha moto chumba cha mashine. Na hakuna aliyelia kuhusu kipozeo, kwa sababu joto lilikuwa limesambaa kwenye tani za chuma na shaba. Mlichofanya ninyi ni kupunguza joto mara kumi halafu mkalirundika kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha.

Njiani kulikuwa na vigeuzi vya zebaki (vya kugeuza AC kuwa DC) vya Peter Cooper Hewitt, 1902, kisha swichi ya thairista ya General Electric 1957. Thairista ilikuwa na tabia moja mbaya: ukishaiwasha haizimiki mpaka mkondo ukatike wenyewe. IGBT, ambayo jina la mhandisi B. Jayant Baliga haliepukiki ukiitaja, ilikuja miaka ya 1980 na kumpa fundi swichi anayoweza kuiwasha na kuizima atakavyo kwa mkondo kidogo sana wa kuiamrisha. Bila hiyo hizo kilohezi mnazogombania zisingekuwepo.

FundiRota #8

Mzee shikamoo. Hilo la kurundika joto kwenye ukucha naliiba.

Sasa nifike kwenye kipande ninachokipenda. Mota ya induksheni, ya umeme wa AC (unaokwenda na kurudi), ina waya zilezile kwa kazi mbili: kujenga sumaku na kuzungusha. Mota ya DC vitu hivi vimetengana, ndiyo maana Ward Leonard aliweza kuicheza kama filimbi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watafiti wawili huko Ujerumani, K. Hasse na kisha Felix Blaschke wa Siemens, walionyesha namna ya kuutenganisha mkondo wa mota ya AC kwa hesabu, sehemu ya sumaku huku, sehemu ya kuzungusha kule. Huo ndio udhibiti wa vekta. Ilibidi usubiri maikroprosesa za kutosha ndipo uingie mitaani.

Unahusianaje na joto? Joto la koili linakwenda kwa mraba wa mkondo. Ampea zikizidi kwa asilimia 10 tu, joto linazidi kwa asilimia 21, kwenye mota na kwa kiasi fulani kwenye inveta pia. Mfumo unaojua sumaku inahitajika kiasi gani unaipunguza mzigo ukiwa mwepesi, na umeme wa kupotea bure unaacha kupita.

KijanaWaPampu #9

Hapo kwenye vekta nimetoka kapa mkuu. Unatenganishaje mkondo mmoja ulio kwenye waya mmoja?

MzeeStata #10

Mwanangu, umewahi kuona bembea ya kuzunguka? Ukisimama pembeni unamwona mtoto aliyepanda anakuja na kwenda, anakuja na kwenda. Hilo ndilo wimbi la AC. Sasa wewe nawe panda. Mtoto yuleyule ametulia mbele yako, hasogei. Unaweza kumwambia sogea mbele kidogo, au sogea kulia.

Hesabu ya kupanda bembea iliandikwa na Robert Park mwaka 1929. Hatua inayotangulia, ya kugeuza fezi tatu kuwa mihimili miwili, ina jina la Edith Clarke, mama aliyekuja kuwa profesa wa kwanza mwanamke wa uhandisi wa umeme Marekani. Hawakuwa wanafikiria inveta za mota kama hizi zetu. Walikuwa wanashughulika na jenereta na nyaya ndefu za umeme.

MbishiWaNyaya #11

Sawa mzee nimekuelewa hata mimi niliyejifanya najua. Swali kwa wote: kwa nini tusichovye inveta nzima kwenye maji tukamaliza ubishi?

FundiRota #12

Maji yanapitisha umeme, yanaozesha chuma. Ila umegusa penyewe: maji yakipita kwenye bamba la kupozea bila kugusa nyaya ni mnyama. Lita moja kwa dakika inabeba wati 70 kwa kila digrii inayopanda. Hewa, mita nzima ya ujazo kwa saa, inabeba theluthi moja ya wati. Wanaotaka kuchovya kweli wanatumia mafuta au vimiminika visivyopitisha umeme, na mota nyingi za magari siku hizi zinamwagiwa mafuta moja kwa moja kwenye koili.

Kuna ujanja wa kupendeza zaidi: kuchemsha. Kilo ya maji kutoka digrii 20 hadi 100 inameza kilojuli 335. Kuigeuza mvuke hiyo kilo inameza 2,257. Bomba la joto linatumia hilo. Ni mrija uliofungwa, ndani maji kidogo na utambi. Upande wa moto maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unakuwa maji, utambi unayarudisha. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka. George Grover alilivumbua kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963.

DadaDaioda #13

Kaka, hapo nakusahihisha. Grover alilipa jina na kulifanyia utafiti wa kweli. Lakini Richard Gaugler wa General Motors aliomba hataza ya kitu hichohicho mwaka 1942, akapewa 1944, alikuwa anafikiria majokofu. Hakuna aliyekitilia maanani kwa karibu miaka 20.

Na onyo kwa wanaofunga: bomba la joto halipendi kuwekwa kichwa chini. Upande wa moto ukiwa juu, utambi unapandisha maji dhidi ya uzito wake. Nimeona kipozeo kizuri kikilaumiwa bure kwa sababu tu kilifungwa kimepinduliwa.

FundiRota #14

Nimepokea dada, nimejifunza. Kwa kisasi nakupa hii: mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Stanford, watafiti Tuckerman na Pease walichonga mifereji ya upana wa mikroni 50 hivi kwenye silikoni yenyewe, wakapitisha maji, wakaondoa wati 790 kwa sentimita ya mraba huku joto likipanda digrii 71 tu. Zilinganishe na ile pasi. Shida ya mifereji kama unywele ni kwamba pampu inasukuma kwa tabu na uchafu kidogo tu unaziba.

Mpitaji_Kimya #15

Nimeshindwa kukaa kimya. Grisi nyeupe ya kupaka kati ya moduli na kipozeo: nipake nene au nyembamba? Mimi huwa napaka kama siagi.

DadaDaioda #16

Uwiii. Acha leo. Kazi ya grisi ni kufukuza hewa kwenye vijishimo ambavyo macho hayaoni, basi. Hewa inapitisha 0.026 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digrii, grisi nyingi moja hadi tano, alumini 200 hivi, shaba karibu 400. Grisi inaishinda hewa vibaya sana, lakini mbele ya alumini ni blanketi. Paka nyembamba iwezekanavyo, kaza skrubu kwa mpangilio, ukifungua uone imesambaa sawasawa. Chuma kigusane na chuma kila kinapoweza.

KijanaWaPampu #17

@FundiRota pole kwa kuchelewa, nilikwenda kuangalia. Pampu inazunguka kasi yote, hezi 50. Valvu imefungwa nusu kwa sababu maji yalikuwa mengi mno.

FundiRota #18

Nilihisi tu! Una inveta, halafu unapunguza maji kwa valvu? Huko ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Kwenye pampu za aina yako na feni, nguvu inakwenda kwa kasi iliyozidishwa yenyewe mara tatu: asilimia 80 ya kasi ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, kama asilimia 51 ya nguvu. Fungua valvu yote, shusha hezi polepole mpaka maji yawe ya kukutosha, usishuke chini ya kiwango ambacho pampu inashindwa kupandisha maji. Kisha kilohezi 8 ziwe 4. Kisha brashi kwenye mapezi. Halafu njoo na namba.

KijanaWaPampu #19

Wakuu, mrejesho baada ya siku nne. Valvu wazi, hezi 41, kilohezi 4, mapezi yalikuwa na utando wa vumbi kama sufi. Kipozeo mchana wa leo digrii 59. Haijajizima hata mara moja. Mlio upo, unasikika mpaka nje, nimeuzoea.

Feni zimefika leo asubuhi. Sijui nizifanyie nini.

FundiRota #20

Kabatini usiziweke. Mota ya pampu nayo haizihitaji, ikipunguza kasi mzigo wake unapungua pia. Anayezihitaji ni mwenye mkanda wa mizigo: mzigo ni uleule hata ukienda robo ya kasi, ampea zilezile, wakati feni iliyo nyuma ya mota inazunguka kwa uvivu pamoja na ekseli. Huyo ndiye wa kufunga feni ya pembeni inayojitegemea, na kihisio cha joto ndani ya koili.

MbishiWaNyaya #21

@KijanaWaPampu nina mkanda unaotembea robo ya kasi kutwa nzima, na mota haishikiki. Njoo PM.